Shamba Lilikuwapo Kabla ya Hati

Mpaka wa Tanzania na Zambia unapita katikati ya Wanyamwanga. Wako Tunduma na wako Nakonde. Wanaoana na kuzikana bila kujali bendera. Lakini mmoja wao akitaka kujua shamba alilorithi kwa babu yake ni lake kwa haki gani, jibu litategemea shamba lenyewe liko upande upi. Kule Nakonde ardhi ya kimila iko mikononi mwa chifu, na Sheria ya Ardhi ya Zambia ya mwaka 1995 inamtambua: serikali haiwezi kumgawia mtu ardhi hiyo bila kwanza kushauriana naye. Huku kwetu Momba hakuna chifu wa kwenda kumwona. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na tangu ilipotungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 msimamizi wa ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji.

Ukoo ni mmoja na lugha ni moja, ila majibu ni mawili. Hapo swali ambalo wanafalsafa wamebishania kwa karne nyingi linatoka darasani na kuingia shambani. Haki hutoka wapi? Mtu huzaliwa nayo, amepewa na Mungu? Hupewa na serikali kwa sheria, nayo serikali ikitaka humpokonya kwa sheria? Huipata kwa mila na jamaa zake? Au ni jasho lake mwenyewe? Wakulima wa eneo ambalo leo tunaliita Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wamepitishwa katika majibu yote manne ndani ya miaka mia moja na ushei. Hawakuyasoma vitabuni. Waliyapata kwa amri, kwa barua za bwana shauri, kwa kuhamishwa, na mwishowe kwa hati yenye mhuri.

Mstari wenyewe ulichorwa mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mjini Berlin mkataba wa kugawana maeneo, na kwa sehemu iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika jambo lililowashughulisha Waingereza lilikuwa Barabara ya Stevenson, njia iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili. Hawakutaka iangukie upande wa Wajerumani. Mashamba ya ulezi ya wenyeji hayakuwa hoja. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilikuja kutia alama ardhini, na mwaka 1901 makubaliano ya mpaka huo yakatiwa saini.

Kabla hata alama hizo hazijawekwa, Wajerumani walikwisha kutoa jibu lao. Amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895 ilisema kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Anayedai ni yake alete hati, na mwenyeji aonyeshe kwamba anaikalia. Amri hiyo isomwe kwa macho ya mkulima wa nyanda hizi za wakati ule. Yeye alikuwa akifyeka msitu, akichoma matawi, akipanda ulezi misimu michache, kisha akaliacha shamba lipumzike na miti irudi, akahamia jingine. Shamba lililopumzishwa lilikuwa na mwenyewe, na majirani walimjua. Lakini mgeni aliyepita na daftari aliona pori tupu. Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini walikwisha kuonja hoja hiyo karne mbili nyuma, walipoambiwa kwamba ardhi wasiyoilima Kizungu haina mtu.

Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakuleta jibu tofauti sana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kuwa ardhi yote ya nchi, iwe na watu au haina, ni ardhi ya umma iliyo chini ya usimamizi wa Gavana. Mwananchi alibakiwa na haki ya kuitumia tu. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 1928 ndipo ikatamka wazi kwamba anayekaa kwenye ardhi kwa mila na desturi naye ahesabiwe kuwa na haki hiyo. Hata hapo alihesabiwa tu. Mlowezi aliyekuja kulima kahawa alikuwa na karatasi ya Gavana. Mwenyeji alikuwa na dhana ya kisheria kwamba huenda karatasi ipo.

Nyuma ya sheria ya namna hiyo kuna falsafa, na mtu aliyeitetea kwa ukali kuliko wote ni Mwingereza Jeremy Bentham, aliyefariki mwaka 1832. Wafaransa walipotangaza haki za binadamu mwaka 1789, Bentham aliwajibu kwamba habari ya haki za kuzaliwa nazo ni upuuzi mtupu. Kwake yeye haki ni mtoto wa sheria. Pasipo sheria, na pasipo dola ya kuilinda, mtu ana matamanio tu. Tusimdharau haraka. Mkulima wa mpakani ambaye mpaka wa shamba lake umesogezwa usiku na jirani mwenye ng'ombe wengi na marafiki wengi anajua Bentham alikuwa anasema nini: haki isiyo na baraza la kuisikiliza haimsaidii chochote mwezi wa kupanda.

Lakini Bentham hakulitazama jambo lilivyo, na Mbozi tuna ushahidi. Pale Ndolezi kuna Kimondo, lile bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16. Vitabu vinaandika kwamba liligunduliwa mwaka 1930, kwa kuwa mwaka huo mpima ardhi mmoja aliripoti habari zake. Wenyeji walilijua zamani. Kilichotokea mwaka 1930 ni taarifa, jiwe lilikuwapo. Hivyo ndivyo nionavyo haki ya mkulima. Sheria ya 1923 haikumzalia haki yoyote. Ilimkuta nayo, ikachagua kutoiona, na miaka mitano baadaye ikakubali nusunusu.

Matokeo ya kutoiona yalidhihirika Meru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate malisho. Wameru wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kuieleza dunia. Hakushinda siku ile, ila nchi nzima ilisikia.

Miaka sita baadaye, serikali hiyo hiyo ilipoleta pendekezo la kuwaruhusu Waafrika wamiliki ardhi moja kwa moja na kuiuza wapendavyo, aliyepinga alikuwa kiongozi wa TANU, Julius Nyerere. Aliandika makala aliyoiita Mali ya Taifa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote za falsafa ya haki zilizowahi kuandikwa na Mtanzania, na inasikitisha kwamba wanaoikumbuka ni wachache.

Ili kuielewa inabidi kumtaja kwanza John Locke, Mwingereza aliyechapisha risala zake mbili kuhusu serikali mwaka 1689. Locke alisema Mungu aliwapa binadamu wote dunia kwa pamoja, lakini kila mtu ni mwenye mwili wake na mwenye kazi ya mikono yake. Akiichanganya kazi yake na ardhi, ardhi ile huwa mali yake, ilimradi amewaachia wengine ya kutosha. Nyerere, aliyesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, alianzia mahali hapohapo kisha akakata kona. Alikubali kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, na kwamba anayesafisha kipande cha pori ameongeza thamani kwa jasho lake. Lakini alichoongeza ni hicho tu. Ardhi hakuiumba yeye. Kwa hiyo anachomiliki ni kazi aliyoifanya na matumizi yake. Anayekichukua kipande kile amlipe kwa kazi hiyo. Kuimiliki ardhi yenyewe kama mtu amilikivyo koti ni kudai alichokifanya Mungu.

Ni hoja iliyokwenda mbali. Uhuru ulipopatikana, umiliki binafsi wa ardhi ulifutwa mwaka 1963, na ardhi yote ikawa ya taifa. Hapo hapo ndipo penye jeraha, na sioni sababu ya kulipaka mafuta. Nyerere wa mwaka 1958 alisema anayechukua shamba amlipe aliyelisafisha. Serikali yake ya mwaka 1973 ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa ni amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa. Watu waliacha nyumba na makaburi, na wenye kahawa wakaacha mibuni. Mbuni huchukua miaka mitatu, minne hivi, ndipo uanze kuzaa vizuri. Anayeacha shamba la mibuni ameacha miaka ya maisha yake ardhini. Waliohamishiwa huko nao waligawiwa mashamba yaliyokuwa ya wengine, wakayalima kwa nia njema, wakayazoea. Ugomvi uliozaliwa hapo ulidumu miongo miwili.

Mtu aliyehamishwa angekimbilia wapi? Katiba ya uhuru ya mwaka 1961 haikuwa na sura ya haki za binadamu. Viongozi walihofia kwamba majaji, wengi wao wakiwa wageni wakati ule, wangeitumia kuzuia mipango ya serikali changa. Tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja nayo ilikataa mwaka 1965, ikapendekeza badala yake Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kusikiliza malalamiko. Haki ziliachwa katika utangulizi wa Katiba, na mahakama ikaja kusema kwamba utangulizi si sehemu ya Katiba. Ni mwaka 1984 tu, kwa mabadiliko ya tano, sura ya haki iliingizwa, na hata hivyo ikaahirishwa isitumike mahakamani hadi Machi 1988.

Ibara ya 12 ya sura hiyo inasema binadamu huzaliwa huru na wote ni sawa. Inasema huzaliwa, haisemi hufanywa huru na serikali. Huyo si Bentham tena. Ibara ya 24 ikalinda mali ya mtu, na hapo mlango ukawa wazi.

Walioupita ni wakulima wa Arusha. Waliokuwa wamepoteza mashamba wakati wa Operesheni Vijiji, yaani uhamisho ule wa vijiji vya ujamaa, walianza kushinda kesi mahakamani, na Bunge likapitisha sheria mwaka 1992 ya kuzifuta haki zao za kimila, kuzikatisha kesi zilizokuwa zinaendelea, na kuwanyima fidia ya ardhi. Shauri likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1994, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikataa hoja kwamba mkulima anayekaa kwa mila hana mali. Walisema ingekuwa kinyume cha akili kuwafanya wananchi walio wengi wawe kama wavamizi katika nchi yao wenyewe. Haki ya kimila ni mali, na Ibara ya 24 inailinda.

Kisha likaja swali la fidia. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilikuwa inalipa maendelezo tu, yaani nyumba, miti, kisima. Mtu aliyesafisha pori tu, hakujenga kitu, alipwe nini? Mahakama ilijibu kwa kumnukuu Nyerere wa 1958: jasho la kusafisha nalo ni thamani, na anayeichukua ardhi ailipe. Miaka 36 baada ya kuandikwa, hoja ya mwanasiasa kijana ikawa sheria ya nchi, tena dhidi ya serikali ya chama chake mwenyewe. Sijui mfano mwingine katika Afrika Mashariki ambapo fikra ya kifalsafa ilisafiri hivyo kutoka makala hadi hukumu.

Kesi hiyo iliandamana na mjadala mpana. Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi kuanzia mwaka 1991 ikisikiliza watu. Shivji mwenyewe alikuwa amechapisha mwaka 1989 kitabu kinachopinga desturi ya kuzungumzia haki Afrika kama zawadi kutoka kwa wafadhili au watawala. Kwake yeye haki hudaiwa na watu wanaojipanga. Tume yake ilipendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yatolewe serikalini, na ardhi ya kijiji ikabidhiwe mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikukubali. Sheria za mwaka 1999 zilibakiza ardhi yote kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini. Lakini zilitamka pia kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa kwa hati ya serikali kuu. Majibu mawili yanayopingana, la dola na la mila, yakafungwa katika jalada moja.

Wilaya ya kwanza kulifanyia majaribio jalada hilo ilikuwa Mbozi, ambayo wakati ule ilijumuisha Tunduma na Momba. Ndiyo maana naamini historia hii ni ya watu wa Songwe kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe. Kwanza mipaka ya kijiji chote inakubaliwa na vijiji jirani, kijiji kinapata cheti. Kisha mwombaji anapeleka fomu kwa mtendaji. Siku ya uhakiki kamati inafika shambani, na sheria inataka wanawake wawemo katika kamati hiyo. Mwenye shamba anatangulia, majirani wanafuata, kila mmoja anasimama mpakani kwake. Huu mti ni wa nani? Huu mfereji unaishia wapi? Jirani wa chini akisema mpaka uko kwenye jiwe na si kwenye mti, kazi inasimama hadi wazee waseme. Wakikubaliana, mpimaji anachukua vipimo vya pembe. Baadaye hati inaandikwa, mwenye shamba anasaini au anatia dole gumba, mwenyekiti na mtendaji wanasaini, mhuri unagongwa, na ofisi ya ardhi ya wilaya inasajili. Nakala inabaki masjala ya kijiji.

Nani ametoa haki hapo? Ukiangalia mhuri utasema serikali. Ukiangalia siku ile shambani utaona kwamba kabla ya mhuri kugongwa, majirani walikwisha kuamua. Wao ndio waliokumbuka nani alifyeka, nani alirithi, nani aliazimwa. Mwanafalsafa wa Kenya John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika hujitambua ndani ya jamaa zake: mimi nipo kwa kuwa sisi tupo. Uhakiki wa shamba Mbozi ni fikra hiyo ikiwa kazini, na Nyalali naye, katika shauri la Daudi Pete mwaka 1991, alieleza kwamba Katiba yetu inasimamisha haki za mtu na wajibu wake kwa jamii pamoja.

Lakini jamii inayokumbuka inaweza pia kuchagua kusahau, na anayesahauliwa kwanza ni mwanamke. Mjane aliyepalilia kahawa ya mumewe maisha yake yote anaweza kusimama mpakani siku ya uhakiki na kuambiwa na shemeji zake kwamba shamba ni la ukoo. Ikiwa mila ndiyo chanzo pekee cha haki, hana pa kusimama. Ndiyo maana hukumu ya Jaji James Mwalusanya, iliyotolewa Mwanza mwaka 1990 katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, ilikuwa kubwa. Mila ya Kihaya ilimzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Jaji akasema mila hiyo imegongana na usawa ulio katika Katiba, na Katiba itashinda. Sheria ya 1999 iliifuata njia hiyo: kanuni ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu kumiliki ardhi ni batili. Kwa hiyo mjane wa Mbozi anapodai jina lake liandikwe katika hati, hadai kwa mila wala haombi hisani ya serikali. Anadai kwa kuwa ni binadamu, na kwa kuwa mikono yake ilifanya kazi ile. Watendaji wa vijiji wanaoandika jina la mume peke yake wakati mke amesimama pale wanafanya kosa ambalo sheria imelikataza, na waambiwe hivyo.

Limebaki jambo moja ambalo majibu yote manne hayajalimaliza. Hati ya kimila hutolewa kwa raia, familia ya raia au kikundi cha raia. Mjukuu aliyezaliwa Nakonde, mwenye paspoti ya Zambia, hawezi kuandikwa kwenye shamba la babu yake lililoko Momba, hata majirani wote wakisimama mpakani na kumshuhudia. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 halimsaidii sana hapa: linampa mtu haki ya kutoka nchi yake na kurudi, halimpi haki ya kuingia nchi ya mwenzake. Jibu la uraia lina mantiki yake, maana bila hilo wenye fedha kutoka mbali wangenunua vijiji vizima. Lakini mjukuu huyu hakutoka mbali, na mstari uliomtenga na shamba uliwekwa kwa ajili ya barabara ya watu wengine.

Mwaka 2019 marais wa nchi hizi mbili walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani Tunduma na Nakonde, ili lori la shaba lisikaguliwe mara mbili. Maofisa wa pande zote sasa wanakaa jengo moja na kusoma nyaraka zilezile. Utaratibu kama huo ungeweza kutengwa kwa familia za mpakani pekee, kwa mashamba ya urithi pekee, mashahidi wakiwa chifu wa upande ule na halmashauri ya kijiji ya upande huu, na wabunge wa Momba na Tunduma ndio wenye nafasi ya kulifikisha bungeni.